Mtoto mwenye utapiamlo mkali kupewa maziwa robo kikombe: hospitali haimnyimi chakula, ni utumbo ndo hauwezi

Nesi Zamu ya Usiku

Wakuu habari za jioni, wakubwa shikamooni.

Kuna ugomvi mmoja kwenye wodi za watoto hapa Dar haujawahi kuisha, leo nimeamua niulete humu maana humu kuna watu wana ndugu kila hospitali. Mtoto analetwa kakonda mbavu unazihesabu ukiwa mlangoni, au mwingine kavimba miguu na uso, nywele zimebadilika rangi na zinachomoka ukizigusa, ngozi inabanduka. Analazwa. Jioni ndugu wanaingia na hotpoti, kuna supu ya kuku, kuna ndizi nyama, kuna maziwa freshi, wanakuta mtoto anapewa maziwa mepesi kwa kikombe. Mtoto wa kilo 6 anapata kama mililita 65 kila baada ya masaa mawili, usiku na mchana, basi. Hapo ndo vita inaanza. "Mtoto anakufa njaa nyie mnampa maji meupe?"

Juzi kati bibi mmoja kanivizia nimegeukia kitanda cha pili, kafungua hotpoti taratibu mfuniko usilie, kaengua mafuta ya juu ya supu na kijiko, ndo anamlisha mjukuu, yale mafuta yenyewe, eti ndo yenye nguvu. Simlaumu, ni mapenzi. Ila mafuta ndo kitu cha mwisho kabisa ambacho tumbo lile lingeweza kukifanyia kazi usiku ule, na kufika alfajiri tumbo limejaa upepo limekaza, nepi imelowa choo cha maji kinachong'aa mafuta, mtoto amelegea kuliko alivyoletwa.

Sasa nieleze kinachoendelea huko ndani, ni ndefu kidogo vumilieni.

Wote tunajua mtoto akikosa chakula anakonda mikono, makalio, mashavu. Tusichokijua ni kwamba utumbo nao unakonda. Utumbo mwembamba kwa ndani umejaa vinyuzi vidogo vidogo vimesimama kama manyoya ya taulo jipya, na hivyo ndo vinafyonza chakula. Seli zinazofunika vile vinyuzi zinabadilishwa zote kila baada ya siku 3 hadi 5 hivi, kwa hiyo ni sehemu inayokula bajeti kubwa sana ya mwili. Mwili ukikaa na njaa muda mrefu unabana matumizi, seli mpya zinachelewa kuja, vinyuzi vinafupika vinakuwa butu, na eneo la kufyonzea linapungua vibaya sana. Kwa hiyo unaweza kumwekea chakula kizuri cha bei na kikapita kama kilivyo.

Halafu njoo kwenye vimeng'enya. Kile cha kuvunja sukari ya maziwa, laktesi, kinakaa kwenye ncha za vile vinyuzi kwa hiyo ndo cha kwanza kupungua. Sukari isipovunjwa inateremka mpaka utumbo mpana, bakteria wanaichachusha, gesi inajaa, kinatoka choo cha maji cha uchachu kinachochoma makalio mpaka yanakuwa mekundu. Kongosho nalo linasinyaa, vimeng'enya vya mafuta na protini vinapungua. Tindikali ya tumboni inapungua pia na hii watu hawaifikirii kabisa, kazi yake mojawapo ni kuua vijidudu vinavyoingia na chakula, ikipungua wanapita wazima, wanajazana kwenye utumbo mwembamba ambako walitakiwa wawe wachache, wanagombania chakula na mtoto na wanaiharibu nyongo. Nyongo ikiharibika mafuta hayameng'enyeki. Ndo maana ya ile supu.

Na kubwa kuliko yote ukuta wenyewe unavuja. Bakteria au vipande vyao vinapenya kuingia kwenye damu, vinafika kwenye ini, mwili unaingia kwenye mapambano yasiyoisha, na mapambano hayo yanakata hamu ya kula na yanachoma hata kile kidogo kilichoingia. Mtoto anaweza kuwa na maambukizi makali kwenye damu na asiwe na homa hata kidogo, kwa sababu kinga imechoka hadi kupandisha joto haiwezi. Mwingine ndo kwanza anapoa mwili.

Uzi tayari, maswali karibu.

Kijeba wa Tandale

Nimechukua kiti cha mbele. Kwa hiyo mkuu hata nikimpelekea mishkaki haimsaidii? 😂

Nesi Zamu ya Usiku

Mishkaki kula wewe ukiwa unasubiri nje.

Mama Junior Mbagala

Dada Nesi umenigusa. Huku kwetu mtoto akiwa hivyo hakuna anayesema utapiamlo, wanasema AMEBEMENDWA. Yaani baba katoka nje ya ndoa akarudi akambeba mtoto, au mama kakutana na mwanaume wakati ananyonyesha. Jirani yangu mwanae alianza kuharisha na kukonda, mama mkwe akamkalia kikao, akapelekwa kwa bibi mmoja huko ndani ndani akapewa mizizi ya kuoga na ya kunywa mtoto, na kule kwingine akaambiwa ni meno ya plastiki wakamkwangua fizi mtoto mdogo kabisa damu zikatoka. Hospitali alipelekwa mwishoni kabisa. Na yule mama muda wote alikua anamfunika mtoto na kanga mbili ili watu wasimuone, maana wakimuona wanajua ndani kwake kuna umalaya.

Nesi Zamu ya Usiku

Dada hilo ndo linatuumiza kuliko hata kukosa hela. Aibu. Mama akishaaminishwa kwamba mtoto kukonda ni ushahidi wa uzinzi hawezi kumtoa hadharani, kliniki anaruka, kadi anaficha, anakuja wakati tayari kavimba. Na zile dawa za mizizi kwa tumbo ambalo ukuta unavuja na ini limejaa mafuta (watoto wa kwashakoo, yaani wale wa kuvimba, ini lao hujaa mafuta) ni hatari, ini haliwezi kusafisha chochote. Kukwangua fizi ndo kabisa, unamfungulia mlango mwingine wa vijidudu mtoto ambaye kinga hana.

Ila nielewane na watu hapa, kuna kitu ndani ya ile imani wazee walikiona kwa macho yao. Mtoto wa kwanza anakonda pale mama anapopata mimba nyingine na kumwachisha ziwa ghafla. Hilo ni kweli na lipo miaka yote, ziwa limekatwa na mbadala wake ni uji mtupu wa sembe. Walichokosea ni sababu.

Kapuku Msomi

Swali la kichokozi. Umesema laktesi imepungua, maziwa yanamuharisha. Halafu hapo hapo hospitali mnampa maziwa. Mbona mnajichanganya?

Nesi Zamu ya Usiku

Swali zuri na mkuu wala sio kichokozi.

Yale maziwa ya mwanzo yanaitwa F-75, yaani kilokalori 75 kwenye mililita 100, na protini haifiki hata gramu moja kwenye hizo mililita 100. Ndani kuna unga wa maziwa kidogo tu, vingine ni sukari, mafuta ya mimea, mara nyingi unga wa nafaka, pamoja na vitamini na madini. Kwa hiyo sukari ya maziwa iliyomo ni kidogo kuliko kwenye maziwa ya ng'ombe, na kwa sababu unampa kidogo kidogo ile laktesi iliyobaki inatosha kuifanyia kazi. Wengi wanayavumilia vizuri. Na lilishafanyika jaribio Kenya na Malawi, majibu yalitoka 2019, wakatengeneza toleo lisilo na sukari ya maziwa na lenye wanga pungufu wakalinganisha na F-75 ya kawaida, toleo jipya halikuwa bora zaidi. Na ziwa la mama linaendelea kama bado ananyonya, hilo halikatwi hata siku moja.

Kapuku Msomi

Hapo sawa. Ila mimi naongezea upande mwingine ambao sio utumbo peke yake. 1945 kambi za Wanazi zilipokombolewa, kuna waliokufa BAADA ya kukombolewa kwa kushindiliwa chakula cha askari. Sababu ni chumvi za mwili. Mtu wa njaa akiba yake ya potasiamu, fosfati na magnesi imeisha. Ukimimina chakula ghafla insulini inapanda, seli zinavuta hizo chumvi kutoka kwenye damu kwa mkupuo, damu inabaki tupu, moyo unakosa mapigo. Kwa hiyo yule bibi wa supu hakuwa anapambana na utumbo tu, na moyo pia.

Nesi Zamu ya Usiku

Haswaa. Na moyo wenyewe misuli yake imekonda kama misuli mingine. Ndo maana kuna jambo lingine ndugu hutupigia nalo kelele: "mbona hamumwekei dripu, kaishiwa maji!" Wadau, dripu kwa mtoto wa utapiamlo mkali tunaiogopa, inawekwa akiwa kwenye mshtuko tu, yaani damu haizunguki vya kutosha mwilini, na kwa uangalifu. Maji yakiingia haraka moyo unashindwa kuyasukuma yanajaa mapafuni. Hata ORS ya kawaida ya pakiti ina chumvi nyingi kwake na potasiamu ndogo, kwa hiyo akiharisha anapewa ReSoMal iliyotengenezwa kwa ajili ya hawa, polepole, kwa kijiko au kwa mpira wa puani. Isipokuwa kipindupindu. Kama ni kipindupindu ORS ya kawaida inarudi kazini maana chumvi anayopoteza ni nyingi mno.

Na vidonge vya damu, yaani madini ya chuma, hapewi mwanzoni hata kama kiganja ni cheupe kama karatasi ya daftari. Bakteria wanayapenda madini ya chuma. Anasubirishwa mpaka hamu irudi na uzito uanze kupanda.

Mzee wa Magomeni

Nasoma hapa nacheka na kusikitika. Zamani tuliona sana kwashakoo, siku hizi vijana mnadhani ni mambo ya picha za ukame. Mwanangu Nesi naomba kuuliza, kwa nini ndani ya nyumba moja mtoto mmoja anavimba na mwingine anakondeana tu na mwingine mzima kabisa na sufuria ni moja?

Nesi Zamu ya Usiku

Shikamoo mzee wangu. Hilo mpaka leo wataalamu wanabishana. Namwachia Kapuku Msomi najua ana hamu.

Kapuku Msomi

Mzee shikamoo. Hilo swali lako lilifanyiwa kazi hapo jirani Malawi, matokeo yakatoka 2013. Timu ya Jeffrey Gordon wa chuo kikuu cha Washington kule St. Louis na wenzake wa Malawi walifuatilia mapacha, jozi 317, tokea wadogo mpaka miaka 3. Mapacha ni nyumba moja, sufuria moja, ziwa moja. Ikatokea jozi ambazo mmoja anapata kwashakoo na mwenzake hapati. Wakachukua choo cha kila mmoja, wakapandikiza bakteria wake kwa panya waliolelewa bila bakteria wowote tumboni, halafu panya wakalishwa chakula cha Kimalawi, yaani ugali wao na mboga. Baadhi ya panya waliopewa bakteria wa pacha mgonjwa walikonda vibaya sana. Waliopewa wa pacha mzima hawakukonda hivyo, na chakula ni kile kile.

Wale panya waliokonda walipopewa chakula dawa cha karanga (kile cha pakiti cha kutibu utapiamlo) wakapata nafuu na bakteria wakaanza kubadilika, wakirudishwa kwenye chakula cha mwanzo mambo yanarudi nyuma. Bangladesh baadae wakaonyesha kwamba bakteria wa mtoto mwenye utapiamlo mkali ni wa mtoto mdogo kuliko umri wake, yaani mtoto ana mwaka na nusu lakini tumboni bado yuko miezi kadhaa nyuma, na hata baada ya matibabu wanarudi nyuma tena. Kwa hiyo mzee, sufuria moja lakini matumbo mawili tofauti.

Mzee wa Magomeni

Nimekuelewa mwanangu. Umenijibu swali la miaka mingi.

Mnyalu Halisi

Ngoja nami niingie maana mkoa wangu huwa unatajwa vibaya. Iringa tunalima mahindi, viazi, maharage, mboga za kumwaga, maziwa yapo, parachichi mpaka tunalisha nguruwe. Utafiti wa taifa wa 2022 udumavu nchi nzima ulikua asilimia 30 na sisi Iringa tukaongoza, zaidi ya nusu ya watoto chini ya miaka 5. Sasa kila kiongozi akija anatuambia "hamjui kula". Mi nauliza hivi hayo mambo ya utumbo hayahusiki?

Nesi Zamu ya Usiku

Yanahusika mkuu, ila tutenganishe kwanza. Huyu ninayemzungumzia wodini ni mkali, wa ghafla, anaweza kufa wiki hii. Udumavu ni polepole, mtoto anaonekana mzima ila mfupi kwa umri wake, na Dar wapo pia tele tunapishana nao kwenye mwendokasi. Kinachowaunganisha ni kwamba na hawa wa udumavu wengi vinyuzi vya utumbo vimefupika kiasi na ukuta unavuja kidogo, hata bila kuharisha. Mtoto anatambaa kwenye uwanja wenye kinyesi cha kuku, anaweka mkono mdomoni, kila siku anameza dozi ndogo ya uchafu, utumbo unakaa kwenye uvimbe mdogo usioisha. Gambia walilipima hili kwenye miaka ya 80 na 90, wanamnywesha mtoto sukari mbili maalumu halafu wanapima mkojo kuona kiasi gani kimepenya, na waliovuja zaidi ndo waliokua kwa shida zaidi.

Hapa kwetu Haydom, kule Mbulu, ilikuwa moja ya vituo 8 duniani vya utafiti mkubwa wa watoto tangu kuzaliwa mpaka miaka miwili. Walikuta vijidudu vya kuharisha kwenye choo cha watoto ambao WALA HAWAHARISHI, na jinsi wanavyobeba vingi ndo wanavyodumaa.

Binti Pwani

Sasa si rahisi tu? Vyoo bora, maji safi, sabuni. Tatizo limeisha. Mbona mnazunguka?

Kapuku Msomi

Binti Pwani ungekua sahihi dunia ingepumua. Walijaribu hilo hilo, Bangladesh, magharibi ya Kenya kule Kakamega, Bungoma na Vihiga, na Zimbabwe. Majaribio makubwa kabisa, maelfu ya watoto, matokeo 2018 na 2019. Kaya zilijengewa vyoo, zikapewa dawa ya maji na sehemu za kunawia. Urefu wa watoto HAUKUBADILIKA. Bangladesh kuharisha kulipungua, Kenya hata kuharisha hakukupungua. Walioongezewa chakula maalumu ndo waliongezeka urefu, na wenyewe kidogo tu. Haydom nao walijaribu upande wa dawa, watoto wakapewa azithromaisini na dawa nyingine ya vijidudu kwa vipindi, urefu haukusogea.

Binti Pwani

Dah. Kwa hiyo tusinawe? 🤔

Nesi Zamu ya Usiku

Nawa mama. Kipindupindu kilitutandika Dar 2015 na hakikuja kwa upepo.

Mimi ninavyosoma yale matokeo ni kwamba uchafu ni mwingi kuliko dawa iliyotumika. Unampa mtu choo kimoja na ndoo ya kunawia wakati mtaa mzima umelowa. Twende Vingunguti au Tandale kipindi cha masika. Mvua ikishika usiku kuna watu wanasubiri hiyo hiyo ili watapishe choo, wanafungua shimo kinyesi kiondoke na maji, na kesho asubuhi yale maji yamepita uwanja wa nyumba sita ambako watoto wanachezea. Wewe ndani kwako una sabuni ya kunukia. Utumbo wa mtoto wako utajua wewe una sabuni? Kwa maoni yangu hilo ni suala la mfereji wa maji taka wa mtaa mzima, sio la mama mmoja kuelimishwa kunawa. Nachoka sana na semina za kumfundisha mama kunawa mikono wakati maji ndoo moja ananunua.

Fundi Bomba

Umesema kweli tupu dada. Mi kazi yangu ni mabomba, ukichimba kwenye makazi yale bomba la maji safi limepasuka limelala humo humo kwenye maji machafu, presha ikikata linavuta uchafu ndani. Watu wanasema maji yametoka, yametoka na vya kwao.

Mama Junior Mbagala

Naomba kuuliza kuhusu unga wa lishe. Nanunua ule wenye nafaka kama 12, kuna mchele, ulezi, mtama, ngano, soya, karanga, dagaa, mbegu za maboga, hata sijui vingine. Je unasaidia kwa mtoto aliyetoka hospitali?

Nesi Zamu ya Usiku

Dada kwanza nikuambie hiyo ya vitu 12 ni biashara. Mchele na mtama na ulezi na ngano vyote ni wanga, umelipia kitu kimoja mara nne. Na ukichanganya dagaa, karanga na soya mbichi kwenye mfuko mmoja unaharibika haraka na soya isiyokaangwa au kuchemshwa vizuri inazuia protini isimeng'enywe, kwa mtoto ambaye kongosho lake ndo linaanza kurudi unampa adhabu. Nafaka moja, karanga au maharage, basi, vingine weka fresh wakati wa kula: yai, dagaa waliosagwa, mafuta kijiko, tunda.

Halafu uzito wa uji. Uji mzito mtoto hamalizi, ukiongeza maji unampa maji. Dawa yake ya kienyeji ipo, kimea. Ulezi unaloweka, unauotesha, unaanika, unasaga, unaweka kijiko kwenye uji mzito ukiwa bado moto lakini umeshatoka jikoni, unaukoroga, unalainika wenyewe mbele ya macho yako unakuwa wa kunyweka na nguvu yote ipo ndani. Taasisi ya Chakula na Lishe walikifanyia kazi sana hicho miaka ya 80, sijui kwa nini tumekiachia pombe.

Na karanga chagua kwa macho yako, zenye ukungu au zilizosinyaa tupa usimsagie mtoto. Sumukuvu inashambulia ini, na 2016 iliua watu Dodoma na Manyara kupitia mahindi.

Kijeba wa Tandale

Nimesikia kuna nchi wanatibu utapiamlo kwa ndizi na karanga. Si tujitengenezee tu Kariakoo vitu vyote vipo?

Kapuku Msomi

Ni Bangladesh. Wale wa Gordon na taasisi ya utafiti ya Dhaka walitengeneza chakula cha dengu, soya, karanga na ndizi mbichi kwa lengo la kulisha BAKTERIA wazuri wa mtoto, wakajaribu kwa watoto wa makazi duni ya Mirpur. Majibu ya 2021, watoto walikua vizuri kuliko waliopewa chakula cha ziada cha kawaida japo hicho cha kawaida kilikua na kalori nyingi zaidi. Ila soma vizuri, walikua watoto wenye utapiamlo wa kadiri, sio hawa wa Nesi wa kuvimba miguu.

Nesi Zamu ya Usiku

Asante. Kijeba usiende Kariakoo kutibu mtoto mkali. Chakula dawa kile cha pakiti ni karanga, unga wa maziwa, mafuta, sukari, na vitamini na madini yaliyopimwa, pakiti ya gramu 92 ina kama kilokalori 500. Hakina maji ndani kwa hiyo bakteria hawazaliani hata ukikaa nacho kwenye joto la Dar, hakipikwi, mtoto anakamua mdomoni. Anapewa mtoto ambaye hamu ya kula ipo na hana tatizo lingine, anatibiwa akiwa nyumbani. Asiyekuwa na hamu analazwa, anaanza na F-75, hamu ikirudi na uvimbe ukianza kushuka anahamishwa taratibu kwenda F-100 (maziwa yenye nguvu zaidi, kilokalori 100 kwa mililita 100) au chakula dawa. Na kile ni DAWA, sio pipi ya nyumba nzima. Nimekuta nyumba pakiti moja wanalambishana watoto wanne, mgonjwa kapata kidole.

Binti Pwani

Na flajili je? Mtaani mtoto akiharisha tu anapondewa flajili na amoksilini.

Nesi Zamu ya Usiku

Amoksilini ipo kwenye mwongozo kwa watoto wa utapiamlo mkali kwa sababu ile niliyosema ya maambukizi yasiyo na homa. Malawi 2013 ilipunguza vifo, Niger 2016 haikuleta tofauti kubwa, kwa hiyo hata wenyewe wanajadiliana. Lakini huo ni mwongozo wa hawa, kwa dozi ya uzito, sio kila kuharisha. Ukimpondea flajili mtoto wa kawaida anayeharisha unaua hata bakteria wazuri ambao ndo tumetoka kuwasifia hapa. Mtoto wa kawaida akiharisha ni ORS na zinki, siku 10 hadi 14. Zinki watu wanaikatisha choo kikikaza tu, wakati kazi yake mojawapo ni kusaidia ukuta wa utumbo kujijenga.

Mnyalu Halisi

Utumbo ukishaharibika unapona kabisa au ndo basi tena?

Nesi Zamu ya Usiku

Unapona, ila unachelewa kuliko mashavu. Mtoto anaruhusiwa kanenepa, watu wanapiga vigelegele, ndani vinyuzi bado vifupi, kwa hiyo ile miezi ya mwanzo nyumbani ndo ya hatari, kuharisha mara moja tu anarudi wodini. Malawi waliwatafuta watoto waliotibiwa wakawapima miaka 7 baadae, walikuwa wafupi kuliko ndugu zao, misuli pungufu, nguvu ya kukamata kwa mkono ndogo. Walikuwa hai na wanasoma shule, lakini alama ilibaki. Kwa hiyo kurudi kliniki baada ya kuruhusiwa sio hiari.

Kijeba wa Tandale

Sasa niulize la maana. Kuna mtoto hapa kwa mpangaji mwenzangu, mashavu mazito, tumbo kubwa, wanasema ana afya. Ila analia lia siku nzima na hataki kucheza. Nilimwambia mamake akapimwe ule utepe wa mkononi akasema alipimwa ikaja kijani.

Nesi Zamu ya Usiku

Kijeba hapo acha utani nisikilize. Utepe ukisoma chini ya sentimita 11.5 ni nyekundu, utapiamlo mkali, 11.5 mpaka 12.5 ni njano. Ila utepe unapima unene wa mkono, na mtoto wa kwashakoo mkono unaweza kuwa mnene kwa sababu ya maji. Kwa hiyo nenda kamwambie mamake hivi: amshike miguu yote miwili, abonyeze upande wa juu wa mguu (sio chini kwenye unyayo) kwa dole gumba, ahesabu kama sekunde tatu, aachie. Kikibaki kishimo kwenye miguu yote miwili asisubiri kliniki ya mwezi, ampeleke leo hii, na njiani asimpe supu ya mtu yeyote. Angalia na nywele, na kama ngozi ya mapajani inabanduka. Kama kishimo hakibaki bado ampeleke kesho akapimwe uzito na urefu, maana mtoto mdogo kukataa kucheza sio deko.

Kijeba wa Tandale

Anarudi saa moja kutoka sokoni. Naenda kumsubiri mlangoni.